Injini ya Curtis

Haya sikuyaona mimi. Nilisimuliwa na Lorene, jirani yangu hapa mjini Flint, na Lorene si mtu wa porojo. Mwanawe Curtis alifariki akaacha Chevelle ya zamani, gari aliloliundia injini kwa mikono yake. Kila akifika nyumbani alikuwa akipiga resi mara mbili, vuum, vuum, mama ajue amefika apakue chakula.

Verl, babake, akaikarabati ili aiuze. Wanunuzi wa magari haya wanataka namba ya injini ilingane na ya bodi. Ya Curtis haikulingana, Verl akaing'oa.

"Ya mtoto unaipeleka wapi?" Lorene akamuuliza.

"Kwa watu wa vyuma chakavu, kesho. Usinililie, mama. Marehemu haendeshi gari."

Verl akamtuma mkewe spana gereji. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa ajili ya kupaka gari rangi, mchana ule ndani giza tupu. Lorene akipapasa ukuta akasikia: vuum. Kimya. Vuum.

"Verl, umewasha nini?"

Verl akajibu kutoka jikoni, mkate mdomoni, "Niwashe nini, na betri sina?"

Lorene akawasha taa. Injini ya Curtis ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo, haina hata waya. Akaigusa, ikamuunguza kiganja.

Kesho yake watu wa vyuma chakavu walipokuja kuibeba, waliigusa wakarudisha mikono haraka, wakaomba matambara ya kushikia.