Sauti Iliyojibu "Nimeshika"

Verediana alikuwa jikoni anachambua mchele, ungo mapajani, aliposikia mumewe, Tadei, kule uani akisema, "Shikilia!" Na sauti ya mwanamke ikajibu, laini, "Nimeshika."

Sasa nyumba ile ya pale Ifakara ilikuwa na mwanamke mmoja tu, na ndiye huyo mwenye ungo.

Alitoka mbio, mchele ukamwagika. Pikapu ilikuwa imenyanyuliwa kwa jeki upande wa nyuma, miguu ya Tadei imejitokeza chini ya bodi. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, na kitini hapakuwa na mtu. Lakini pedeli ya breki ilikuwa imezama mpaka chini, na ndani ya gari ilitoka harufu ya asumini.

"Baba Levina, unaongea na nani?"

"Na wewe. Kwani si uko kitini?" Tadei alijibu huko huko chini. "Mama Levina, acha mambo yako. Haya, achia."

Pedeli ikapanda yenyewe, polepole.

Nikwambie ukweli, kosa lilikuwa la Verediana mwenyewe. Kutoa hewa kwenye breki za gari kuukuu ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kitini, anapiga pedeli mara tatu nne, kisha anaikandamiza chini. Mwingine yuko kwenye tairi na spana, analegeza kinati kidogo, na hewa inatoka kwa mpira mwembamba, inabubujika ndani ya chupa. Na sheria ni moja: wa kwenye tairi halegezi chochote mpaka wa kitini ajibu, "Nimeshika." Tangu Tadei anunue pikapu ile Mahenge, wa kitini alikuwa Verediana, na aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema. Tadei si mtu wa maneno. Miaka kumi na moja ya ndoa, anamwita mama Levina, basi. Lakini pale alikuwa anamwita, na yeye anaitika.

Mpaka Jumatatu ile, alipokuta kitana chini ya kiti, kimenasa nywele ndefu nyeusi.

"Cha nani hiki?"

"Labda cha mwenye gari wa zamani."

"Labda! Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mtoto?" Wivu ulimpanda. Akashuka, akakitupa kitana kitini. "Basi mwite mwenye kitana aje akukanyagie. Kiti hicho nimempa!"

Akabamiza mlango, akanuna siku tatu. Na siku tatu zote, mchana kweupe, Tadei aliendelea kutoa hewa, na hewa haikwisha. Eti alidhani mkewe anakuja kukaa kitini kimyakimya, na hasira zake.

Alhamisi hiyo, baada ya kuona pedeli, Verediana alifunga kitenge akaenda sokoni kwa Bi Asmahani, muuza udi na mafuta ya kunukia, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa. Kwa padri aliona aibu. Angeanzaje?

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

Akaeleza yote. Bi Asmahani alishusha sauti, akaangalia mlangoni kwanza.

"Huyo mwenye kitana alikuwa amelala humo garini siku zote, hana pa kukaa. Wewe ukampa kiti kwa kinywa chako. Na hataki gari, anataka mume. Mumeo anasafiri lini?"

"Jumapili, anakwenda kijiji cha Mbingu kuchukua mpunga."

"Basi breki zitamdanganya mumeo hapo nyumbani tu, halafu barabarani zitakataa, na huyo atamchukua, awe wake. Sikiliza. Kesho ukae kitini wewe. Mumeo akiita, ujibu wewe kabla ya huyo, hata miguu ikifa ganzi. Atatoka na hewa, aingie chupani. Ifunge, peleka Kivukoni, itupe mtoni. Na usimuulize kitu, Verediana. Ukimuuliza, umempa nafasi upya."

Ijumaa saa nane mchana, jua kali, kuku wamejificha chini ya ghala, Verediana akapanda kitini. Kiti kilikuwa cha baridi.

"Umeacha kununa?" Tadei alicheka huko chini. "Haya, kanyaga. Kanyaga. Shikilia!"

"Nimeshika!" alipiga kelele, maana tayari alisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya sikio lake ili ajibu.

Tairi la kwanza likaisha, la pili likaisha. Kwenye la tatu kitu kama unyayo, laini na baridi, kikakaa juu ya unyayo wake, kikakanyaga pamoja naye, na kila Tadei alipoita, sauti mbili zikatafuta mdomo mmoja, na yeye akawahi, na akawahi tena, machozi yakimtoka, asumini ikimkaba, nywele za mtu zikimteleza shingoni ilhali nywele zake mwenyewe zimefungwa kilemba, mpaka kwenye tairi la mwisho alipohisi ule unyayo ukivutwa kutoka juu ya wake, kidole kimoja kimoja, ukiondoka kwa kung'ang'ania.

"Lo! Povu gani hili!" Tadei alisema. Kisha, "Imekwisha. Kanyaga tuone."

Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Verediana alilia waziwazi. Tadei akaingia ndani kuoga, na yeye akaichomoa chupa, akaikaza kifuniko, akaita bodaboda.

Darajani Kivukoni upepo ulikuwa mzuri. Chini mitumbwi ilipita, wavuvi wakitaniana. Ilibaki kunyoosha mkono tu. Lakini siku tatu zile zilimkaa rohoni. Siku tatu mumewe kaitikiwa na sauti tamu kuliko yake, na hakushtuka? Mtu asiijue sauti ya mkewe? Wivu bwana, haujui kunyamaza. Aliisogeza chupa mdomoni.

"Niambie hili tu," alinong'ona. "Alijua kwamba ni wewe?"

Chupa ikapata joto mkononi.

"Siku ya kwanza hakujua," ikamjibu.

Akaitupa kwa ukelele uliowafanya wavuvi wainue vichwa. Ilipogusa maji alikumbuka onyo la Bi Asmahani, akaanza kukimbia kumtafuta bodaboda wake.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Pikapu ilikuwa juu ya jeki tena. Alisimama kwenye ua, mkono kinywani, maana miguu ya Tadei ilikuwa chini ya bodi na mlango wa dereva ulikuwa wazi.

"Imelegea tena kidogo," Tadei alikuwa anasema, kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. "Kanyaga. Haya, shikilia."

Kitini hapakuwa na mtu. Pedeli ikazama.

"Nimeshika."

Verediana alifungua mdomo ajibu kwa nguvu zake zote, na sauti haikutoka.

"Asante, mpenzi," Tadei alisema. "Jumapili twende wote Mbingu."