Mfagia Nyayo

Mama mkubwa Philomène wa Alunguli si mtu wa kuzua mambo, na mimi ni mwoga wa kuzaliwa, kwa hiyo sitaongeza chumvi.

Mwanawe Arsène huongoza wageni katika hifadhi ya msitu ng'ambo ya mto Lualaba. Msimu uliopita aliwapeleka Cédric na mkewe Gisèle, wafanyabiashara wa Goma waliotamani kumwona okapi. Asubuhi ilikuwa tulivu. Walipiga picha, wakacheka, Gisèle akilalamikia tope lililoganda viatuni.

Wakati wa kurudi, Arsène aligeuka atafute nyayo zao. Hazikuwepo. Tope lilikuwa limefagiwa kwa tawi la majani.

"Nani iko nyuma yetu?" Gisèle alinong'ona.

"Hakuna muntu. Tembea," Arsène alimjibu.

Wakatembea. Kila walipogeuka, njia ilikuwa imefagiwa mpaka kwenye visigino vyao. Upepo haukuwepo. Vichaka vilitikisika.

Walitoka salama. Arsène alipomsimulia mama yake, mama mkubwa aliweka chini sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akalia.

"Ule njo baba yako," alisema, yaani ndiye anayefagia.

Wakati wa vita, familia yetu ilikimbilia msitu uleule, Arsène akiwa mgongoni mwa mama yake. Octave, mume wa mama mkubwa, alitembea wa mwisho, akifuta nyayo kwa tawi ili askari wasitufuate. Wakubwa walikubaliana kwamba tukifika penye usalama, mtu atarudi kumwambia aache. Nani angethubutu kurudi? Octave hatukumwona tena.

Kesho yake tulikuta ua wa mama mkubwa umefagiwa, kutoka barabarani hadi mlangoni. Tawi bichi lilikuwa limeegemezwa ukutani. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mimi niliogopa, yeye alimwonea huruma mumewe. Jioni moja akasimama mlangoni.

"Octave, tulifika. Mutoto wako iko muzima. Pumuzika sasa."

Tukasikia tawi likianguka. Usiku ule mama mkubwa alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu vita.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini Octave alikuwa bado anafagia.

Kulipokucha, ua haukufagiwa. Mchanga ulijaa nyayo za buti za kijeshi, kutoka barabarani hadi mlangoni, zote zikielekea ndani. Tulipekua kila chumba, hatukumkuta mtu. Wala hatukuona unyayo hata mmoja uliotoka.