Majivu ya Ibuli

Zamani zile, kabla reli haijapasua nyika, palikuwa na nchi mbili zilizotajirika kupita zote za bara. Ng'anza ilichemsha chumvi, na mvuke wake ulitanda asubuhi hata watu wakatembea kama waotao. Ibuli iliyeyusha chuma, na majembe yake yalilima mashamba ambayo wahunzi wenyewe hawakupata kuyaona. Kila mwaka chumvi ya kwanza ilipelekwa Ibuli, na jembe la kwanza likaletwa Ng'anza. Kalunde, binti wa Ibuli, akaozwa kwa Ntalima, mtemi wa Ng'anza, ili undugu ukaze.

Kisha wakaja wageni wenye vitambaa na shanga. Wakamnong'oneza Ntalima, "Majembe tunayo sisi, tena rahisi." Wakamnong'oneza Mlekwa, mtemi wa Ibuli, kakaye Kalunde, "Chumvi tunayo sisi." Basi Ntalima akapandisha ushuru wa njia. Mlekwa akazuia majembe. Ntalima naye akazuia chumvi ya kwanza. Watu wakaacha kutembeleana, polepole, kama ndoto inavyomtoka mtu asubuhi. Watoto wakakua bila kukanyaga upande wa pili. Mmoja wao ni Msabila, mwana wa Kalunde, ambaye sasa aliongoza mikuki ya Ng'anza.

Majembe ya wageni yalikatika udongo ulipokaza. Ghala zikabaki na panya tu. Ntalima akaamua kukifuata chuma kwa vita.

"Mama, usilie," alisema Msabila akijifunga njuga miguuni. "Nitakuletea majembe ya mjomba, na ndevu zake juu."

"Ndevu zake ziache huko huko. Mwanangu, yule alinibeba mgongoni."

"Angekubeba hadi huku, na majembe kichwani!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kalunde hakucheka.

Alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya mto uliozitenga nchi hizo mbili, alifunga chumvi ya kwanza katika majani akavuka peke yake, akiwatangulia askari. Maji yalikuwa kimya mno, akajiona kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mlekwa alisimama mbele ya jeshi lake, ngozi ya chui begani.

"Leo ndiyo umekumbuka kwenu?"

"Nimekukumbuka kila nilipotia chumvi chunguni. Ilambe, kaka."

Mlekwa akailamba. Machozi yakamtiririka mpaka ndevuni.

"Chomekeni mikuki chini," akaamuru. "Dada amerudi."

Akachota majivu ya tanuri, akampaka Kalunde usoni. Ndivyo Ibuli ilivyompokea mgeni wa heshima. Lakini huko Ng'anza, majivu usoni hupakwa mateka atakayeuawa kabla jua halijatua. Kalunde aliyajua yote mawili. Ila nyumbani kwa mumewe kuitaja Ibuli kulileta ugomvi, naye kwa kutafuta amani hakumsimulia mwanawe lolote la kwao.

Ukungu ukafunguka. Ng'ambo, Msabila akauona uso wa mama yake.

"Mama!"

"Ngoja, mwanangu! Ni heshima hii!"

Njuga za Msabila na wenzake, waliokuwa wakivuka mbio, zikaimeza sauti yake. Mkuki wa Msabila ukampata Mlekwa kifuani, chumvi ikiwa bado midomoni mwake. Watu wa Ibuli wakaing'oa mikuki yao, na mto ukabadilika rangi.

Jua lilipofika utosini, Msabila alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, damu ikimtoka ubavuni.

"Wamekupaka majivu, mama."

"Ni ya kunikaribisha, baba."

"Hukuniambia," akasema, na hakusema tena.

Wageni wakachukua chemchemi za chumvi na tanuri za chuma bila kufyatua hata risasi moja. Wa kuwazuia hakuwapo.

Kalunde akaenda uhamishoni, nchi kwa nchi. Kila alipolala aliwakusanya watoto, akapaka majivu kiganjani mwake, akawafundisha: "Kwa Ng'anza ni kifo. Kwa Ibuli ni makaribisho." Watoto wa watu walimsikiliza, wakajifunza. Wake alikuwa amebaki mtoni.