Kimya Juu ya Sarafu

"Naomba kapo," alisema Ruggero.

Muuza kahawa akamtazama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Bosi hayupo leo. Una malalamiko?"

Foleni nzima ikacheka. Kwao Trieste, ukisema kapo unaletewa kahawa kidogo yenye tone la maziwa. Hapa Bologna kapo ni bosi, na mtu akimtaka bosi ujue amekuja na shari. Maskini Ruggero akawa mwekundu mpaka masikioni. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, koti la sufu la kijani limemkaa mabegani, kioo cha kukuzia sarafu kinaning'inia kifuani kama hirizi.

"Mpe kahawa, tia maziwa kidogo," sauti ikasema nyuma yake. "Huyu ni wa Trieste. Wale hata maji wana jina lao."

Akageuka. Gauni rangi ya zabibu, limebana panapostahili kubanwa. Nywele nyeusi zimefungwa juu kwa haraka. Na midomo! Nawaambia, ile midomo ingewekwa mezani kwenye maonyesho ya sarafu yaliyomleta Ruggero Bologna, wazee waliotoka nchi ishirini wangerushiana viti.

"Bibie ni nani?"

"Ornella. Mkalimani. Wajerumani na Waitaliano wakigombania sarafu zao humu ukumbini, naitwa mimi."

"Bahati mbaya sina Mjerumani wa kugombana naye."

"Pole. Tafuta."

Mchana alikuwa ameshampata. Alimvaa mzee mmoja wa Hamburg juu ya jambo ambalo wote wawili walikubaliana, ili Ornella aitwe tu. Ornella akatafsiri mara ya kwanza, akatafsiri ya pili. Ya tatu akamgeukia Ruggero kwa Kiitaliano, taratibu: "Kama unataka kunialika chakula, mwache huyu babu aende zake."

Jioni ile wakala tortelini kwenye supu, na tangu hapo treni ya Jumamosi kutoka Trieste ikawa na abiria asiyekosa. Siku nyinginezo ilikuwa simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Ruggero, unaongea kama mtu anayelipishwa kwa neno."

"Nakusikiliza wewe. Redio haijibiwi."

"Redio! Haya, naizima."

"Usizime, mpenzi wangu. Usizime."

Mtu anayesema "usizime" kwa sauti ile anapenda, hata kiziwi angejua. Lakini Ornella alitaka kusikia la kesho, na la kesho Ruggero hakulisema. Dada yake Ornella, Mirella, ana ofisi ya ukalimani Munich, na alikuwa anamwita akafanye kazi huko moja kwa moja. Akampa mpaka Jumamosi ya maonyesho ya vuli. Ornella akaamua: nitamuuliza Ruggero kwa mdomo wangu, atakalosema ndilo.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa mpaka mlangoni, taa ndogo zinawaka juu ya meza za mahameli, watu wameinama kama kuku kwenye mtama. Ornella alipita katikati yao na koti jeupe na skafu nyekundu, akasimama mbele ya meza ya Ruggero. Ruggero alikuwa ameinama. Kati ya vidole viwili ameshika kwa ukingo sarafu ya fedha ya Venezia, inang'aa kama kioo, mali ya mzee wa Uswisi aliyekuwa akisubiri pembeni.

"Ruggero, nisikilize. Mirella anataka jibu leo. Niambie nibaki, nihamie kwako Trieste, nitabaki. Niambie niende, nitaenda. Neno moja tu."

Ruggero akafumba midomo. Hata macho hakuinua.

"Hata moja?"

Mswisi akakohoa.

"Haya," Ornella alisema. "Hiyo nayo nimeitafsiri."

Akavua beji yake, akaiweka juu ya mahameli, akapotelea kwenye umati.

Simu yake ililia, ikalia tena, hakuipokea. Alikuwa kituo cha basi, kwenye ukungu, skafu imepanda hadi machoni, Ruggero alipotokea mbio bila koti, kioo kikimgonga kifua.

"Umeacha meza?"

"Nimeiacha."

"Na sarafu ya watu?"

"Nimeirudisha kwanza kwenye kikasha chake."

"Bila shaka. Kwanza sarafu."

"Ornella, juu ya sarafu iliyo wazi hatuongei! Mate yakiirukia, leo huoni kitu, baadaye pana doa, na doa halitoki. Ndivyo tulivyozoeshwa sote."

"Maonyesho mawili nimefanya kazi humo, hakuna aliyeniambia!"

"Wewe unaangalia midomo ya watu. Huangalii vidole."

"Ungenipa hata ishara."

"Mkono mmoja una sarafu, wa pili una kioo. Ningekupa ishara kwa kitu gani, kwa masikio?"

Kicheko kikamjia Ornella, akakimeza. "Sasa mdomo uko wazi. Unasemaje?"

"Nilishasema! Nilipofunga kikasha tu, nikasema kwa sauti: baki, uwe mke wangu, nyumba yangu imepoa bila wewe. Kuinua uso, namuona Mswisi."

"Akasemaje?"

"Akasema kwa Kijerumani, bei ni ileile. Hicho ndicho Kijerumani pekee ninachokijua."

Hapo Ornella alicheka mpaka machozi, na yale machozi si yote yalikuwa ya kicheko. "Kwa hiyo aliyeposwa ni Mswisi. Mimi bado."

"Nirudie?"

"Rudia. Taratibu."

Akarudia, neno kwa neno, akitoa moshi wa baridi mdomoni, amemshika mabega kwa ncha za vidole.

"Ruggero, mimi si sarafu. Nishike na katikati."

Simu ikalia tena. Safari hii ni Mirella. Ornella akaibonyeza, akaiinua sikioni.

"Unakuja au huji?" Mirella akauliza. "Huyo bubu wako amesema nini? Ornella? Mbona kimya?"

Mirella ameolewa mara mbili, si mtoto. Akatega sikio. Akasikia basi likifika, likafungua milango, likangoja, likaondoka, na bado hakuna aliyesema neno.

"Haya, nimeelewa," akasema, akakata simu, akaanza kutafuta mkalimani mwingine.