Kidole Ndani ya Kikombe

"Rudia," alisema Shangazi, na binti wa kaka yake akabonyeza tena.

Simu ikasoma ujumbe kwa ile sauti yake kavu: "Hadithi yako haitasomwa redioni. Inawadhalilisha vipofu. Andika upya, uonyeshe majonzi yao." Yakafuata majina ya waamuzi watatu wa hadithi za redio. La tatu lilikuwa la mchumba wa binti.

Binti huyo alikuwa haoni tangu kuzaliwa, na kwa miaka tisa alikuwa akipokea na kuunganisha simu za ofisi nzima bila kukosea namba. Hadithi yake iliwahusu vipofu waliosoma pamoja, na ugomvi wao wa nani amimine chai, maana wao humimina kidole kikiwa kimetangulia kikombeni, wajue imefika wapi. Alipowasimulia wenzake wasioona, mmoja alicheka hadi akaanguka na kiti.

Mchumba alifika saa kumi, viatu vikisitasita mlangoni.

"Nilikuwa nakulinda, mpenzi. Watu wangekucheka."

"Wenye macho watatu mmekaa kitako, mkaamua sisi tumekosea kujicheka."

"Si hivyo. Mtu akisikia kipofu anatarajia..."

"Nilie. Nisipolia sijasema kweli. Mimi nimekuwa msiba wako tangu lini?"

Shangazi, ambaye mdomo wake hauna mlango, akatangaza kwamba posa ya Jumamosi ife hapo hapo. Binti akamwomba atulie kwanza. Akaleta birika, vikombe vitatu na kitambaa cha kichwa, akamfunga mwanamume macho, mafundo mawili.

"Mimina."

Kikombe cha kwanza kilifurika mezani. Cha pili kikamshukia gotini. Cha tatu akaacha kujidai, akatia kidole, akaguna, akakinyonya, kisha kicheko kikamtoka. Shangazi naye akaangua. Binti hakucheka.

"Haya, nimekudhalilisha?"

Kicheko kikakatika. Mwanamume hakugusa kitambaa. Alipapasa mfukoni, akamnyooshea simu yake, akamwomba ampigie mwenyekiti wa waamuzi. Namba ile binti aliijua kwa kichwa; akaibonyeza, akamrudishia simu.

"Mzee, jina langu litoe kwenye ule ujumbe. Hapana, haandiki upya. Sisi ndio tuliokosea. Isomwe ilivyo, au tafuta mwamuzi mwingine."

Akakata, akainamisha kichwa afunguliwe. Binti akamwacha vile vile, akaanza kufuta meza, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Jumamosi wazee wako waje," alisema. "Chai nitaimimina mimi. Na kidole kitakuwemo."