Gauni la Shingo Wazi

Nianze kwa kuungama: hadithi hii niliwahi kuisimulia kwenye sherehe kama kichekesho, watu wakashika mbavu. Nilikosea. Niliikatia pale penye utamu.

Binti aitwaye Kipepeo alikutana na fundi saa mmoja dukani kwa dada yake, mshonaji, siku ya msongamano, vitambaa vyepesi vikielea kama mawingu. Binti kavaa gauni la njano, shingo wazi. Kaka wa watu kaleta suruali ipunguzwe. Utepe wa kupimia ukawazonga wote wawili.

"Samahani, mrembo. Nimenaswa."

"Basi tulia, usije ukakatwa na wewe!"

Dada akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Penzi likanoga. Simu kila saa: "Malaika, umekula?" Baadaye: "Uko na nani? Washa kamera nione." Halafu Kipepeo akaja kuagiza kola.

"Kola na joto hili, mdogo wangu?"

"Anasema shingo yangu ni ya macho yake tu."

"Hee, umependwa! Wengine waume zetu hata hawajui kama tuna shingo."

Wakagongeana mikono. Mwezi uliofuata, mikono mirefu. Kisha kola ipande tena, vidole viwili. Dada akazungusha utepe kooni, Kipepeo akaruka. Palikuwa na alama: nne huku, moja kule. Dada, mtu wa vipimo, hakuhitaji kuambiwa. Upana wa vidole.

"Alinikaba kidogo tu, dada. Akalia mwenyewe, akapiga magoti."

"Anayekukaba leo anachukua kipimo. Usirudi kwake."

"Sirudi. Nishonee tena lile la njano, shingo wazi. Nachukua vyeti vyangu tu, naja."

"Ngoja nifunge duka, twende wote."

"Una wateja, dada. Mchana kweupe huu!"

Dada akamalizia pindo moja. Moja tu. Alipofika, majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Fundi saa katiwa pingu, analia kwamba alimpenda mno. Kipepeo alikuwa amefunikwa shuka, gubigubi.

Gauni la njano dada alilimaliza hata hivyo. Linaning'inia dirishani. Upepo ukipita hulijaza kifua, kiuno, kama mtu anayevuta pumzi. Hapo dada huipiga namba ya Kipepeo, na hata kama haiiti, huzungumza taratibu, pini mdomoni:

"Liko tayari, mdogo wangu. Njoo ujaribu."