Kijiti Kilicholowa Mate

Kijiti cha pamba kilitoka ndani ya pakiti kikiwa kimelowa mate.

Kaviha alikiinua dirishani akakitazama. Pakiti ilikuwa nzima, ameichana yeye mwenyewe. Hiki kilikuwa kijiti kitupu, kisichopitishwa ulimini mwa mtu yeyote. Kila asubuhi walitia kimoja kama hiki mashinani kuhakikisha kipimo hakidanganyi, na wiki nzima sasa mashine ilidai kina kifua kikuu.

"Tutakuwa tumechafua vifaa," alinong'ona Gedion, mwenzake wa maabara. "Ikiendelea hivi, mradi utafungwa."

Nje ya kontena walilogeuza kuwa maabara, kwenye uwanja wa zahanati kule Mjambere, benchi lilikuwa limejaa wachukuzi wa soko la Kongowea na akina mama wenye watoto mgongoni. Hospitali kubwa hawaimudu. Kimashine hiki cha betri kilikusudiwa wao: unapangusa ulimi kwa pamba, kinatafuta vijidudu, na mtu anarudi kwake na majibu.

Gedion alikwenda kuchukua vijiti vipya. Bi Mwanasaumu, mfagiaji, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Mwanangu, wasikia harufu ya udi humo?"

"Naisikia, bibi. Nilidhani ni nguo zako."

"Wallahi si mimi. Sikiza: ukiitwa humo ndani, usiitike."

Kaviha, mwimbaji wa kwaya, alitabasamu tu. Mlango ukajifunga.

Alijaribu kitasa, hakikugeuka. Akagonga, na sauti za watu wa nje zikafifia kana kwamba uwanja mzima umesogezwa mbali. Nyuma ya jokofu mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha aliyeugua muda mrefu, na harufu ya udi ikazidi hadi macho yakamchonyota, na Kaviha akaubandika mgongo kwenye bati la moto akianza kuomba kimoyomoyo, lakini kabla hajafika amina akasikia sauti ya mamake, aliyemzika Kaloleni mwaka uliopita, ikimwita jina lake vile vile alivyokuwa akimwita kutoka jikoni, na yeye, aliyelelewa asimnyamazie mzazi, akajikuta ameshasema, "Abee, mama."

Kitu baridi kikamlalia ulimini.

Mlango ukafunguka. "Mbona umejifungia? Uko salama?" Gedion aliuliza.

Kaviha alitaka kupiga kelele: waondoe watu hawa! Kinywa chake kikajibu kwa upole, "Niko salama. Hebu jaribu kijiti kingine."

Gedion alijaribu. Kilikuwa kikavu, na mashine haikuona kitu. Akacheka hadi akafuta machozi. "Kipimo kimepona! Tuanze kazi."

Uani, Bi Mwanasaumu alirudi nyuma akivuta buibui. "Audhubillahi. Huyo si Kaviha," alisema, lakini watu walikuwa tayari wanagombea foleni.

Mama mmoja kijana akaingia na mtoto wake. Kaviha, aliyefungiwa ndani ya mwili wake mwenyewe, alijisikia akivuta kiti.

"Karibu, mama. Tuanze na mtoto. Mwambie afungue kinywa."

Na kile kilichokuwa ulimini mwake kikajongea mbele.